Hatua Kumi na Mbili

Asubuhi uwanja ulipokuja kuvunjwa, mzee mchora mistari alisimama langoni akimtazama mpimaji akivuta utepe. Yeye hakuwahi kuushika utepe miaka thelathini. Nukta ya penalti aliipima kwa miguu yake mirefu, hatua kumi na mbili, kisha akamwaga chokaa. Utepe wa nini, na miguu anayo?

"Mzee, nukta yenu hii imezidi mita nzima," mpimaji alisema, akacheka. "Mlikuwa mnawaonea watu!"

Mzee hakucheka. Alimkumbuka mdogo wake, aliyekosa penalti ya fainali kwenye nukta hiyo hiyo, mji mzima ukamzomea mpaka akatundika daluga. Jioni ile mdogo mtu alimwambia, "Kaka, nukta ilikuwa mbali." Naye, kwa uchungu wa kufungwa, akamjibu mbele ya watu, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

Hawakusemezana tena mpaka mdogo alipozikwa.

"Hebu pima tena," mzee alisema.

Mpimaji akarudia. Utepe ukasema yale yale. Mzee akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kuifuta nukta kwa kiganja. Chokaa ya miaka thelathini ilishaingia udongoni, haikufutika.