Muujiza wa Mkono Wangu

Mimi, Tabby Jerop wa kidato cha tatu, niliponywa kimuujiza. Jumatano, siku yangu ya kuosha vyoo, mkono wangu ulikuwa umevunjika na kufungwa bendeji. Alhamisi, siku ya kwenda Turbo kucheza hoki, ulikuwa mzima kabisa. Matroni alipoanza kuuliza maswali, nikaandika barua ya shukrani kwa Mama Bernardina, nikaitumbukiza kwenye kisanduku kilicho chini ya picha yake kanisani.

Mama Bernardina alianzisha shirika la masista wetu pamoja na padre mmoja. Padre alishatangazwa mtakatifu zamani. Mama amebaki mwenye heri, anangoja muujiza mmoja tu ili naye atangazwe. Sista Akumu, mwalimu mkuu, amefungua kisanduku hicho kwa miaka thelathini na moja, akipata shukrani za mitihani na ng'ombe waliopotea. Barua yangu aliipeleka kwa askofu siku hiyo hiyo.

Ndipo Padre Zachariah, aliyetumwa na askofu kuchunguza, akaja na daktari, faili na Injili ya kuapia.

Mlangoni mwa ofisi yake Sista Akumu alinishika sikio. "Nimekuchoka tangu uweke chura kwenye maji ya baraka. Nimemwomba Mama aniponye goti hili miaka kumi. Kumi! Halafu anakuchagua wewe, takataka. Ingia, useme ukweli."

Niliweka mkono juu ya Injili, nikaapa.

"Eksirei ulipigiwa wapi?" daktari akauliza.

Uongo nilikuwa nao tayari, mtamu. Lakini Sista Akumu alikuwa ameketi mbele yangu, goti limenyooshwa, rozari mkononi, ananiangalia kama anayengoja matokeo ya mtihani wake mwenyewe.

"Sikupigwa, daktari. Mkono haukuvunjika. Nilikuwa nakwepa vyoo."

Padre Zachariah alifunga faili polepole. "Sista, tunaweza kusema barua ilipotea. Tusiaibishe shule."

"Andika, Padre," Sista Akumu akasema. "Andika yote. Mama hatapanda altareni kupitia chooni." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kufukuzwa ni likizo. Sikupi likizo. Chukua ndoo."

Huu ni mwezi wa tatu naosha vyoo vyote, kila siku. Jana Sista Akumu alikuja kukagua, akichechemea. Akainama kwa shida, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama.

"Vichafu," akasema. "Rudia."

Vilikuwa safi. Nikarudia.