Mate ya Mama Kola

Mimi sisahau. Kusahau nimewaachia wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Shemeji yangu, mke wa kaka, tunamwita Mama Kola. Miaka ishirini na mbili alikunja kola za mashati katika kiwanda kilichonifukuza mimi kwa sababu ya mdomo. Siku moja wakaja wavaa tai wa kiwandani, na kamera mkononi.

"Tunataka mikono yako, mama. Wewe ndiye bingwa."

Nikamwonya: "Shemeji, mbuzi akipambwa ujue kisu kimenolewa."

"Wivu huo! Wewe nani amewahi kukuomba hata kivuli?"

Walimrekodi siku tatu. Kila alipolamba kidole gumba kabla ya kukunja, meneja alifinya pua: "Bila mate, mama! Uchafu huo usionekane." Akatii. Mashine iliyofunzwa kwa video hizo ilipofika, wakunjaji wote kumi na wanane wakaonyeshwa geti.

Akaenda kuomba posho ya wasio na kazi. Ofisi ya ustawi siku hizi haina mtu, ina kioo cha kubonyeza na mlinzi wa kukilinda. Chagua kazi yako, kikasema. Mfuga nyuki yumo, mshauri wa furaha yumo. Mkunja kola hayumo. "Kazi yako haitambuliki. Omba tena baada ya siku tisini." Akakipiga kofi.

"Usikigombeze, dada," mlinzi akanong'ona, "kinaandika."

Siku tisini! Na kaka yangu, aliyepooza upande, alikuwa na vidonge vya wiki mbili tu.

Siku ya tisa injinia wa kiwanda akabisha hodi, shati mkononi, kola imesinyaa kama sikio la mbwa mgonjwa.

"Mama, mashine inateleza. Kuna kitu ulikuwa unafanya?"

"Lete hapa."

Akalamba kidole, akakunja, akamrudishia. Kola imelala kimya. Injinia ndiyo kwanza anainua macho kutoka kwenye simu.

"Eh! Umefanyaje?"

"Kazi yangu haitambuliki, mwanangu. Nitakuonyeshaje kitu kisichokuwepo? Turudisheni kazini sote kumi na wanane, kwa barua. Ndipo uje na macho yako."

"Hilo linachukua muda, mama."

"Hata siku tisini, nitakuwepo."

Alipotoka, shemeji alihesabu vidonge: vitano, kimoja kwa siku. Lakini hakumwita injinia arudi.

Barua ililetwa vikiwa vimebaki vidonge viwili. Aliileta meneja mwenyewe. Bahasha ilikuwa imefunguka njiani, basi akasimama pale mlangoni petu, akatoa ulimi, akailamba.