Lenzi ya Mzee Kazadi

...si lenzi hii ya milimita hamsini, hapana, hii hata ukiivisha pete zake za kukuzia lazima uinamie kadi mpaka pua iguse, na kivuli chako kimwangukie marehemu usoni, uso wenyewe hauzidi ukucha wa kidole gumba, picha pekee iliyobaki, kwenye kadi ya kazi yenye plastiki inayong'aa, ukiwasha flashi tu paji lote linageuka jeupe, basi Germain akavuta meza dirishani, akatundika shuka ili jua liingie kwa upole, mwanga utoke ubavuni, usikipige kitu usoni, hivyo ndivyo mzee Kazadi alivyomfundisha walipokuwa wakipiga picha za mawe ya kijani ya malakiti pale maabara ya mgodi, na leo Kazadi ndiye wa kupigwa, na lenzi inayofaa, ile ya mia, ya kukaa mbali na bado uone kope moja moja, imo ndani ya droo, jina la Kazadi limechorwa ubavuni kwa sindano, na binti yake Bénie amekaa palepale kwenye kigoda... "Papa Germain, itatoka muzuri? Ni ya kuweka ku matanga"... itatoka, mama, itatoka, mwongo mkubwa wewe, miaka mitatu sasa tangu watu wa Kasai wafukuzwe hapa Likasi, Kazadi miongoni mwao, wakalala stesheni na magodoro yao wakingoja treni, na Kazadi alikuwa amekuachia lenzi umtunzie, ukamwendea mikono mitupu, ukawasingizia askari, "Vieux, basoda balibeba yote," naye akakutazama kidogo, "Haina mambo, petit," akakupa mkono, loo, aibu gani hii, njia ya mwongo ni fupi, mbona yake imerefuka hivi, akichukua ya hamsini mzee atatoka ukungu mtupu, akichukua ya mia binti atasoma jina... "Papa alisemaka, nikirudia Likasi, picha ya karibu niende kwa weye, juu objectif yake, ile lenzi, weye njo iko nayo, unaitunzaka muzuri"... alijua, kumbe alijua, palepale relini, na bado akamsitiri mbele ya wanawe, na Germain miaka yote akijificha kwa mtu asiyemtafuta, uso ukamwaka moto, mkono ungali kwenye droo, jua lingali kwenye shuka, "Bado, Papa?" bado, mama, kidogo tu, na hapo akajua kwamba Bénie ataondoka na picha na lenzi pia, na kwamba kwanza yeye Germain atamwambia, kwa mdomo wake mwenyewe, kuwa hakuitunza, aliiba.