Wimbo wa Mwisho wa Atakora

Kompyuta ya marehemu ilikuwa ikizunguka palepale. Inawaka, inasema inakamilisha usasishaji, inazimika, inawaka tena. Dufie aliitazama juu ya meza ya fundi pale Asafo, Kumasi, kama mtu anayemtazama mgonjwa akijaribu kuinuka kitandani na kuanguka.

"Mama, uliifanya nini?" aliuliza fundi, kijana wa Kifante, watu wa pwani, aitwaye Fiifi, shati lake limepigwa pasi utadhani anakwenda kanisani.

"Niliiwasha tu. Ilikaa kabatini tangu mazishi. Ikaomba kusasishwa, nikakubali. Katikati umeme ukakatika."

"Na betri?"

"Betri ilimtangulia mwenyewe."

Fiifi alicheka, kisha akaliona vazi jeusi la mjane, kicheko kikafia mdomoni.

Jumamosi iliyokuja ilikuwa ibada ya kumkumbuka, mwaka mmoja tangu azikwe. Atakora alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwaya yake ilitaka kuimba wimbo alioutunga akiwa mgonjwa, kompyuta ameilaza juu ya mto. Hakuna aliyewahi kuusikia. Atakora hakuwa mtu wa kuonjesha watu wimbo mbichi. Hata Dufie mkewe alisikia vidole tu vikigonga. Jioni moja alisema, "Umekwisha. Nikipata nguvu nitawafundisha." Nguvu hazikuja.

"Usasishaji umekatikia njiani," Fiifi alisema, akichomeka flashi. "Haujui uende mbele au urudi. Sisi tutaurudisha ulikotoka."

"Ninyi Wafante mnajua kula na kuvaa. Leo tuone kazi."

"Mama, sisi ndio tuliozipokea meli za Wazungu. Ninyi Waasante mlikuwa porini mnagombea viti vya uchifu."

"Na hizo meli ziliwaletea nini, zaidi ya majina ya kizungu?"

Fiifi alitikisa kichwa akitabasamu, na Dufie naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie. Mashine iliacha kuzunguka. Ukatokea ukurasa wa bluu, na tabasamu la fundi likaondoka.

"Mzee aliifunga diski kwa kufuli," alisema. "Kabla haijaniruhusu kugusa kitu, inataka namba za ufunguo. Zile ndefu, anazopewa mwenye mashine siku ya kwanza. Hazipo mahali?"

Dufie alikumbuka. Alimwambia mumewe aziandike kwenye karatasi, naye akajibu kwamba karatasi hupotea, akazipiga picha kwa simu yake.

"Basi tumepona," Fiifi alisema. "Niletee hiyo simu. Iwe imepasuka kioo, iwe imeingia maji, mimi nitaifungua."

"Anayo mwenyewe."

"Nani?"

"Atakora. Nilimwekea."

Fiifi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mjane humfungia mumewe vitu vya safari ya kaburini, na Dufie alifunga kila kitu kama inavyotakiwa: kitambaa, taulo, pete, mto mdogo. Kisha akautazama mkono wa maiti. Miaka yote haujapata kukaa bila simu. Mara anapigiwa kwamba wa sauti ya tatu anaumwa, mara mpiga kinanda hajafika. Mkono mtupu namna ile haukuwa wa Atakora. Akaiweka simu kiganjani na kuvikunja vidole juu yake. Wanawake wa ukoo wakaguna kwa kuridhika, mmoja akasema, "Umemsindikiza mumeo vizuri." Hakuna aliyeuliza ndani ya simu mna nini.

"Hakuwahi kumtumia mtu nakala? Hata nusu?"

"Wewe hukumjua Atakora."

Fiifi alikunakuna ukingo wa meza. "Mama, nasikia kuna watu huzungumza na mkuu wa ukoo, wakaruhusiwa kufungua…"

"Koma, mwanangu."

"Nimekoma."

"Nimpe mtu kitu kwa mkono wangu, halafu niende kumpokonya amelala?"

Fundi aliinamisha kichwa. Baadaye alisema, kwa sauti ndogo, kwamba anaweza kuifuta yote ikawa mpya, ikatumika. Ila wimbo utakwenda na vingine.

"Na usipoifuta?"

"Umo. Hakuna hata noti moja iliyoguswa."

"Mzima?"

"Mzima, mama. Ila hatausoma mtu."

Dufie aliifunika mashine, akaiacha mikono juu yake. Humo ndani mumewe alikuwa amemaliza kusema jambo, na mlango alikuwa ameufunga yeye mkewe, kwa mapenzi, mbele ya watu, wakamsifu.

Simu ya Dufie ikalia. Alikuwa Pokuaa, aliyeshika kwaya baada ya Atakora. "Dada, wimbo umepatikana? Watu wamekaa hapa, wananiuliza mimi utadhani mimi ndiye kompyuta."

"Chagueni wimbo mwingine, Pokuaa."

"Umefutika?"

"Haujafutika. Ufunguo nimemzika nao."

Kule upande wa pili viti vilikwaruza sakafu, mtu akauliza kuna nini, akanyamazishwa.

"Hatuimbi mwingine," alisema Pokuaa. "Pale penye wimbo wake tutasimama kimya mpaka muda wake uishe, ndipo tukae. Tuambie tu, ulikuwa mrefu kiasi gani?"

Dufie alifungua mdomo ajibu. Hata hilo hakulijua.