Mama na Ua wa Vigae

Mtaani walimwita Bwana Vigae, naye hakukasirika, maana jina lenyewe alilitolea jasho. Kwa miaka kumi na minane alitandika vigae kwenye nyumba za watu, na vilivyobaki akavibeba kwake. Sakafuni vigae, ukutani vigae, na ua wa nyuma nao ukamezwa wote, usione udongo hata wa kujaza kijiko.

Mama yake alipofiwa na mume, akaja kukaa naye, akapewa chumba bora kuliko vyote. Mwezi haujaisha, mama kanyong'onyea. Sahani anaigusa, anaisukuma. Anatembea kwa kushika ukuta, akiogopa kuteleza. Jumatano akasema kwa upole kwamba Jumamosi anarudi kwake.

"Nani kakuudhi, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Nyumba yako nzuri mno. Ila macho yangu hayana pa kupumzikia."

Roho ilimuuma Bwana Vigae. Kule kwa mama hakukubaki mtu. Akianguka, nani atamwinua? Basi akafanya alilolijua. Alhamisi alibandika ukutani, mbele ya kitanda cha mama, vigae vipya, vyenye picha za majani na ndege. Kazi safi, huoni hata kiungo.

Mama aliwatazama wale ndege. "Hawa huwa wanalia saa ngapi?"

Mkewe Bwana Vigae alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, vigae ndivyo vinavyomkimbiza, nawe unamwongezea!"

Bwana Vigae aliona haya, lakini maneno yalimwingia. Ijumaa asubuhi alishika nyundo na tindo, akaenda uani, chini ya dirisha la mama. Kigae cha kwanza kilimuuma kama jino linalong'olewa. Kufikia adhuhuri alikuwa amefunua udongo wa ukubwa wa vitanda viwili. Mkewe akaleta samadi, yeye akaleta miche: mchicha, maua, na mpapai mmoja. Kisha akageuza kitanda cha mama kielekee dirishani.

Mama akatoka pekupeku. Alikanyaga udongo, akachezesha vidole, halafu akaja juu.

"Nani kapanda hivi? Miche imebanana, haina pa kupumua! Na huu uzi wa nini?"

"Wa kunyoosha mstari, mama."

"Mstari! Mchicha unakwenda gwaride?"

Akachuchumaa, akaing'oa yote na kuipanda upya. Jioni alikula, akaongeza.

Hata hivyo, Jumamosi teksi ilikuja kama ilivyoagizwa. Bwana Vigae alibeba mkoba wa mama hadi mlangoni. Honi ikalia. Mama hakuonekana. Akamkuta uani, mikono imejaa tope hadi viwikoni, anaupigilia mpapai kijiti cha kuegemea.

"Mama, dereva anangoja."

"Mwambie aende zake," alisema bila kugeuka. "Huu utazaa mwakani. Nikiondoka nani atautunza, wewe?"

Bwana Vigae alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda mbio kumwambia dereva.