Injini Iliyotunzwa Werugha

Lewis Mwandawiro alitoa ushuhuda kanisani Werugha, na watu wakapiga makofi mpaka mbwa waliolala mlangoni wakaamka. Alisimulia habari za lile gari la Kiitaliano, Alfa Romeo jekundu lisilo na paa, lililokaa zizini mwa marehemu baba yake zaidi ya miaka ishirini. Alipoliteremsha hadi gereji yake ya Voi, alijua atakuta injini imeganda kwa kutu.

"Lakini wapendwa, niliigusa tu ikazunguka! Nani aliitunza?"

"Bwana!" waumini wakaitika.

Dada yake Wakesho, kwenye benchi la tatu, hakuitika. Alitazama viganja vyake.

Ni kweli Bwana aliitunza, lakini alitumia mikono ya Wakesho. Gari lile lilikuwa la Mwitaliano aliyekuwa akitafuta vito upande wa Kasigau. Alipofunga kazi ili arudi kwao, alilitoa kwa baba yao kama zawadi. Baba hakujua kuendesha, ila alikuwa amefundishwa jinsi ya kuilinda injini isife, naye akamfundisha binti yake aliyebaki nyumbani. Unatoa plagi, unatia mafuta kidogo kwenye kila silinda, kisha unaizungusha injini kwa spana kubwa, taratibu.

"Injini ni kama goti," baba alisema. "Lisipokunjwa hukauka."

Baba alipozidiwa na ugonjwa, Wakesho aliendelea peke yake. Kila mwezi, akishakamua ng'ombe, alijipenyeza nyuma ya marobota ya nyasi, akaizungusha injini huku akiimba pambio. Alifukuza panya. Alifukuza mbuzi waliopenda kulala juu ya viti. Lewis alikuwa Voi, na hakuna aliyemwambia habari hizo, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna la kusimulia.

Baada ya mazishi ya baba, Lewis alikuja na lori akalichukua gari bila kumuuliza mtu. Kitu kimoja tu hakukipata. Wakesho alikuwa ameufungua usukani wa mbao ili watoto wa jirani wasiuchezee, akaufunga kwa leso na kuuweka chini ya kitanda. Lewis alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Si ulichukua gari? Tafuta humo humo."

Hilo halikuwa jibu la Mkristo, naye alijua. Tangu siku hiyo, kila aliposali Baba Yetu, ulimi ulikuwa mzito akifika penye kuwasamehe waliotukosea.

Sasa Lewis alikuwa amemaliza kulifufua gari, na Jumamosi wapenzi wa magari ya zamani walikuwa wanakuja Voi kutoka Nairobi na Mombasa kulitazama, na huenda mmoja akalinunua. Hawa ni watu wanaotaka kila kitu kiwe kile kile cha mwanzo. Lewis alikuwa amelivalisha usukani wa pikapu. Kwa usukani huo wangepiga picha na kwenda zao, na kazi yake ya miaka mitatu ingekuwa bure.

Kwa hiyo, ibada ilipokwisha alimfuata dada yake nyumbani. Mama yao, Teresia, alikuwa barazani akichambua maharagwe.

"Dada, kama unao usukani, nipe. Ukininyima, umeniua."

"Umekufa mara ngapi, Lewis, na bado unakuja kula ugali wangu?"

"Sitanii."

"Mimi pia. Umesimama mbele ya watu ukasema uliigusa tu ikazunguka. Ulidhani malaika ndio walikuwa wakitoa plagi?"

"Plagi zilikuwa zimelegea," Lewis akasema polepole. "Na mafuta ndani yalikuwa masafi. Nilishangaa."

"Ukashangaa miaka mitatu! Simu yangu ilikuwa imezimwa?"

Mama Teresia alisukuma ungo kando. "Nyinyi mmekuwa mkisalimiana kama karani na mteja, mkidhani sioni. Wakesho, lete maji. Gari hilo halitauzwa na hasira ya nyumba hii ndani yake."

Wote wawili walijua anachotaka. Wadawida wa zamani, yaani Wataita, waliliita tambiko hilo kutasa: mwenye kinyongo hukitamka, hupiga funda la maji, huyapuliza nje, kisha humtakia mwenzake baraka. Mama Teresia hakuona ugomvi kati ya desturi hiyo na Biblia yake. Alisema hata Biblia hairuhusu jua lichwe mtu akiwa na uchungu.

Wakesho aliyatamka yote, mbuzi na panya na upweke wa zizini. Akapiga funda, akayapuliza maji kuelekea matuta ya kabeji. "Hasira yangu na itoke. Ndugu yangu na afanikiwe."

Lewis alipokea kikombe. "Mimi ndiye fundi wa nyumba hii," akasema, "na baba akakufundisha wewe. Nilipoona plagi zile nilijua ni nani. Wivu ndio ulinifunga mdomo." Akapuliza maji yake kwa nguvu, nusu yakamrudia kwenye tai. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Wakesho aliingia ndani, akatoka na leso.

Jumamosi alishuka Voi pamoja na kaka yake. Hakuwa amelitia machoni gari lile tangu lilipoondoka kwa lori. Liling'aa kama pilipili iliyoiva. Wageni walilizunguka wakiinama na kunong'ona. Mmoja wao, Bi Syombua kutoka Nairobi, alifungua boneti akatazama kwa muda mrefu.

"Fundi, nimeona magari mengi yaliyotolewa zizini," alisema. "Injini zake huwa chuma mfu. Hii mmeleta nyingine?"

Wote waligeuka. Lewis angeweza kurudia ushuhuda wake, na hapo pia wangempigia makofi.

"Ni ile ile," Lewis alisema. "Mimi nilinyoosha bodi na kupaka rangi. Injini imeishi kwa mikono ya dada yangu huyu, Wakesho. Dada, waeleze."

Akaeleza, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti ya mtu aliye kwake. Walimuuliza kuhusu mafuta, kuhusu unyevu wa ukungu, kuhusu panya. Alipofika kwa mbuzi walicheka wote. Hapo wanunuzi wawili wakaanza kushindana, na Bi Syombua akamshinda mwenzake. Badala ya kuingia garini, alimpa Wakesho ufunguo.

"Kwa miaka yote hiyo uliizungusha plagi zikiwa nje," alisema. "Umewahi kuisikia ikinguruma?"

"Hata siku moja."

Wakesho aliketi, akatamka "Baba" kimoyomoyo, akawasha. Injini ilikohoa, kisha ikaimba kwa sauti nzito iliyopanda miguuni mpaka kifuani mwake. Watu walipiga vigelegele. Yeye aliinua uso mbinguni na kucheka kwa sauti, kisha akakanyaga pedali tena.

"Dada, inatosha, petroli!" Lewis alipaza sauti.

"Bado," alisema Wakesho, akakanyaga zaidi.