Pindo la Wagika

Mimi ni Mgalu. Baba yangu, mzee Sayi, alikuwa manju wa Wagalu pale Nkololo, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na alipofariki kofia yake ya manyoya akaivaa kaka yangu Athanasi. Kwetu Usukumani ngoma zina pande mbili, Wagalu na Wagika, na mtu hachagui upande kama anavyochagua soda. Baada ya mavuno ya pamba, pande zote mbili hucheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji huhamahama wakifuata panapowafurahisha, na upande utakaokuwa na watu wengi jua likizama, huo ndio umeshinda.

Naeleza haya mapema ili uelewe kwa nini siku moja nilimrushia Nyanda chaki.

Nilikuwa mwalimu wa ushonaji katika kituo cha maadilisho nje kidogo ya mji wa Bariadi, mahali walipoletwa vijana waliokosana na sheria kabla hawajaota ndevu. Tulikuwa na cherehani sita za miguu na chumba chenye madirisha makubwa. Tulichokosa ni wateja. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, makampuni binafsi yameanza kununua pamba, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, na kila siku ya mnada marobota ya mitumba yalifunguliwa chini, watu wakachambua huku wakisukumana. Nani angeleta kitambaa kwetu wakati suruali ya Ulaya iko pale chini, bei ya dagaa?

Mkuu wa kituo, Bwana Thomasi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambukizwa soko huria tu, kama wengine wanavyoambukizwa mafua.

"Mwalimu Apolonia," aliniambia, akizunguka chumba changu na kupigapiga kuta, "kuna kampuni ya pamba inatafuta ghala. Hapa ni pakavu, hapana panya."

"Na vijana?"

"Waende shambani na wenzao. Jembe halihitaji mteja."

"Na cherehani?"

"Stoo. Zama zimebadilika, Mwalimu. Kitu kisicho na mteja kinakufa chenyewe."

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mkuu wake. Aliyasikiliza yote, akajifuta jasho, akasema, "Haya. Nipe mteja mmoja wa kudumu kabla msimu haujaisha. Wa kudumu, siyo wa kubandika kiraka na kupotea. Ukimpata, chumba ni chenu."

Sasa Nyanda. Huyu alitoka Mwamapalala, na aliletwa kwetu kwa kosa la mapazia. Aliyatoa kwenye ofisi ya kata, mapazia ya maua ya njano, akayashona kwa mkono yakawa suruali pana, akaivaa kwenda ngomani. Akacheza mbele ya mtendaji wa kata mwenyewe! Mtendaji akayatazama yale maua kwa muda mrefu, akijiuliza ameyaona wapi. Polisi walipofika nyumbani kwa kijana wakakuta na magunia ya pamba ambayo si yake, na hapo kicheko kikaisha. Wanasema hakimu alipomwuliza kama ana la kujitetea, alijibu kuwa yale mapazia yalikuwa yamekatwa vibaya tangu mwanzo.

Nilimpenda mtoto yule, nasema wazi. Wenzake walishona kwa sababu wamepangiwa. Yeye ilibidi kumfukuza kwenye cherehani ili akale. Tuligombana kwa jambo moja tu: pindo. Mimi nataka pindo likunjwe mara mbili na kushonwa mara mbili. Yeye aliona ni kumaliza uzi bure.

"Mwalimu, nani anatazama chini?"

"Mungu," nilimjibu. "Fumua."

Nilipowapa vijana habari ya ghala, cherehani zote zilisimama. Nyanda ndiye aliyesema kwanza. "Kuna nguo ambazo hazipo kwenye mitumba. Marinda ya wachezaji ngoma, yale wanayojifunga wanaume kiunoni. Ulaya hawachezi ngoma zetu, watayatoa wapi?"

Nilitaka kumbusu. Siku hiyohiyo nilipanda baiskeli hadi Nkololo kwa kaka yangu. Athanasi alinisikiliza huku akitabasamu, kisha akaingia ndani na kutoka na robota la fulana nyekundu za mitumba, zote sare, zina maandishi kifuani ambayo hakuna aliyejua maana yake.

"Umechelewa, dada. Tumeshajivika. Soko huria!"

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Niliwaambia vijana wasahau.

"Basi tuwashonee Wagika," akasema Nyanda.

Hapo ndipo chaki iliporuka. Ilimpata kwenye sikio. Aliiokota, akaniletea taratibu, akaiweka mkononi mwangu.

"Mwalimu, mimi nilipoletwa hapa nilijua kuiba tu. Sasa najua kukata kola. Wakinipeleka shambani, mikono hii itasahau, halafu nikitoka itakumbuka ile kazi ya zamani."

Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi ndiye niliyetoka nje kujifuta macho.

Kesho yake nikaenda kwa Masele, manju wa Wagika, mtu mnene mwenye kicheko cha kutisha kuku. Baba yangu alimtukana kwa nyimbo miaka yote ya uhai wake.

"Mwadila, ng'wana Sayi," akanisalimu Kisukuma, akiniita mtoto wa Sayi. "Umepotea njia?"

"Mwadila. Sijapotea. Nimekuja kuwashonea marinda."

Alicheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini. Nilipomweleza habari ya kituo, kicheko kikapungua.

"Vijana wangu watanung'unika. Watasema nguo zilizoshonwa na wahalifu zina mkosi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema baba yako aliniita kiboko mbele ya wakwe zangu, na leo binti yake ananiomba anipime kiuno. Siwezi kuikosa raha hiyo." Akajifuta macho. "Sikia. Tukishinda na nguo zenu, kila msimu mtatushonea nyie, na nitakuja mwenyewe kumwambia Mkuu wako. Tukishindwa, wachezaji wangu hawatataka kuziona tena. Hapo sitaweza kukusaidia."

Akaleta majora mawili, kaniki nyeusi na kitambaa chekundu. Tulishona wiki nzima na zaidi. Ni Nyanda aliyeamua nyeusi ikae nje na nyekundu ifichwe ndani ya marinda. Nilisema ni kuharibu kitambaa. Akavaa sketi ya kwanza juu ya kaptura yake na kuzunguka katikati ya chumba, mara moja tu, na ule wekundu ukachomoza pande zote. Wenzake wakapiga kelele. Yeye akasimama, akatazama chini, akakunja uso.

"Halifunguki vizuri. Ni jepesi." Akakaa, akafumua pindo lake la mara moja, akalikunja mara mbili, akalishona mara mbili. Akazunguka tena. Safari hii rinda lilisimama wazi lenyewe.

"Nilikuambia nini?" nikasema.

"Hukuniambia hivi, Mwalimu. Ulisema Mungu anatazama."

Jumamosi ya mashindano, Nkololo ilijaa baiskeli hadi kwenye mashamba. Bwana Thomasi alikuja na miwani yake ya jua. Nyanda aliruhusiwa kuja pamoja na mlinzi wetu Elia, akakaa chini upande wa Wagika na sindano kwenye kola, tayari kwa dharura. Mimi nilisimama kwa Wagalu, na wifi yangu Philomena. Ningesimama wapi? Nilikuwa nimeshona, sikuwa nimehama.

Saa ya kwanza mambo yalikuwa sawasawa, watu wakienda huku na kurudi. Kisha Athanasi, ambaye sauti ya baba ameirithi yote, akaanzisha wimbo mpya.

*Wagika tazameni nguo zenu,*
*nguo za wafungwa, nguo za wafungwa!*

Uwanja ukaangua kicheko. Fulana nyekundu zikarukaruka, wanawake wakapiga vigelegele, na watu wakaanza kumiminika upande wetu. Niliwaona wachezaji wa Masele wakijitazama viunoni. Mmoja akakosea hatua, kisha mwingine. Marinda yaliyokuwa yakizunguka yakalala. Na nyuma yao nilimwona Nyanda. Alikuwa amechomoa sindano kwenye kola na kuishika tu, kichwa chini, kama anaificha ili asijulikane kuwa ni yeye aliyeshona.

Damu ikanipanda. Mtu anaweza kuniimba mimi, hata kunifananisha na kiboko. Lakini yule mtoto alikuwa amefumua pindo bila kuambiwa.

"Wifi, unakwenda wapi?" Philomena akanishika khanga.

"Kukagua pindo."

Katikati ya pande mbili kuna uwazi, na mtu akiuvuka peke yake, wote wanamwona. Nilivuka. Nilisikia minong'ono ikinifuata: ni binti Sayi, ni binti wa manju, anakwenda wapi, anaumwa? Sikukimbia. Nilikwenda hadi alipoketi Nyanda, nikasimama nyuma yake, nikaweka mkono begani kwake.

"Inua kichwa," nikamwambia. "Fundi hatazami chini kazi yake ikichezwa."

Masele aliniona. Akainua mkono, ngoma zikanyamaza kidogo, kisha zikapiga kwa nguvu, na wanaume wote wakazunguka kwa pamoja. Weusi ukapasuka, wekundu ukatoka. Uwanja mzima ukasema "Heee!" Wakazunguka tena. Wale Wagalu waliokuwa wakishangaa kilichonivuta wakasogea kutazama, wakafuatwa na watoto, wakafuatwa na wauza karanga, kwa maana muuza karanga hana upande. Jua lilipozama kaka yangu alikuwa akiwaimbia wake za wachezaji wake na mbwa mmoja. Philomena mwenyewe nilimwona upande huu wa Wagika, amejifunika uso na khanga akidhani hatumtambui.

Nyanda alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Na mimi pia.

Jumatatu Masele alikuja kituoni kutimiza ahadi. Bado alikuwa akisalimiana na Bwana Thomasi mlangoni mwa chumba chetu baiskeli ya Athanasi ilipoingia kwa kasi. Kaka yangu hakunisalimu.

"Kuna dawa," akasema. "Dawa ya kuvuta watu. Wameishona ndani ya mapindo. Dada yangu hawezi kuvuka uwanja kwa akili zake."

Masele alifungua mdomo, lakini Nyanda alikuwa ameshasimama. Alichukua sketi moja iliyoletwa kurekebishwa kiuno, akampa kaka yangu pamoja na wembe.

"Fumua, mzee."

Athanasi akafumua. Alipomaliza mshono wa kwanza akakuta wa pili. Akatokwa jasho, akanung'unika, akakata uzi mmoja mmoja mbele ya sisi sote. Ndani ya pindo mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa, kitambaa. Akalipima uzito mkononi. Akalitikisa rinda, likajifungua lote. Akasahau kununa, yeye ni mchezaji, na mchezaji akiona kitu cha kuchezea hawezi kujizuia.

"Nani alishona hili?"

"Mimi," akasema Nyanda.

Kaka yangu akamtazama kijana, akanitazama mimi, akatazama cherehani sita. Kisha akatandaza mikono. "Basi nipime. Sisi tunataka ndani njano. Na yawe mazito kuliko ya huyu kiboko."

Bwana Thomasi alivua miwani. "Wateja wawili," akasema polepole, "tena wanaoshindana." Akamwita karani na kumwagiza aiambie kampuni ya pamba kuwa chumba kimepata mpangaji. Vijana wakapiga meza mpaka mikasi ikaanguka.

Nyanda alikuwa ameshika futi yake ya kupimia, lakini hakusogea.

"Mzee, kuna bei kwanza."

"Sema."

"Ule wimbo wa Jumamosi. Uuimbe tena, ubadilishe maneno mawili."

Masele akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Kaka yangu ni mtu wa kiburi, ni mtoto wa baba yake. Lakini alikuwa bado ameshika lile pindo. Akakohoa, akainua kidevu, na mikono ikiwa imetandazwa akaimba kwa sauti ile ya baba, hadi waliokuwa shambani wakaacha majembe kusikiliza:

*Wagalu tazameni nguo zenu,*
*nguo za mafundi, nguo za mafundi!*

Ndipo Nyanda akamzungushia futi kiunoni. "Usivute tumbo, mzee," akamwambia. "Mimi napima ukweli."